Neno «clog» la Kiingereza: kiatu cha mti, pingu ya mnyama na bomba lililoziba

Kalamu ya Pwani (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Katika mjadala wetu wa tafsiri za vitabu vya watoto kulizuka ubishi juu ya neno la Kiingereza «clog», ambalo mmoja wetu alilifasiri kuwa mtalawanda, yaani kile kiatu cha ubao cha watu wa pwani kinachoshikwa kwa vidole, mwingine akasisitiza kuwa ni kiatu cha mti tu, na wa tatu akauliza inawezekanaje neno hilohilo likatumika kwa sinki iliyoziba. Kwa kuwa swali la tatu halikujibiwa, na kwa maoni yangu ndilo lililobeba majibu ya yale mengine mawili, nimeona nilifungulie uzi wake.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba neno hili halikuanza na kiatu. Katika Kiingereza cha Kati liliandikwa «clogge», na tangu karne ya 14 lilimaanisha kipande kinene cha mti, yaani gogo au kigingi kizito. Asili yake ya nyuma zaidi haijathibitika, ingawa wanaisimu hupenda kulilinganisha na neno la Kinorwe «klugu», lenye maana ya gogo lililojaa mafundo. Maana hiyo ya gogo ilidumu muda mrefu katika lahaja za kaskazini mwa Uingereza, ambako gogo kubwa lililochomwa mekoni usiku wa Krismasi liliitwa «Yule clog» mahali ambapo Waingereza wengine walisema «Yule log». Ushahidi mwingine unaonivutia zaidi ni wa kalenda. Mwaka 1686 Robert Plot, katika maelezo yake ya mkoa wa Staffordshire, alieleza kalenda za watu wa huko zilizokuwa vijiti vya mti vya pembe nne, ambavyo kila ukingo ulichongwa pengo kwa kila siku ya miezi mitatu, hivi kwamba kingo nne zikatosha mwaka mzima, huku sikukuu za kanisa zikionyeshwa kwa alama za pembeni. Kalenda hiyo iliitwa «clog» kwa sababu moja tu, kwamba ilikuwa kipande cha mti.

Kutokana na gogo hilo yakachipuka matawi mawili. Tawi moja ni la mnyama. Wafugaji walikuwa na desturi ya kumfungia mnyama msumbufu gogo mguuni au shingoni ili asikimbie wala asiruke ua, na gogo hilo nalo likaitwa «clog». Sisi tunaotoka katika historia yenye mkatale na kongwa, vile vifungo vya mti vya miguuni na shingoni, hatuhitaji maelezo marefu kuelewa jinsi kipande cha mti kinavyoweza kugeuka kuwa kifungo. Hapo ndipo kilipozaliwa kitenzi: kumfanyia mtu au mnyama «clog» kulikuwa ni kumlemea kwa mzigo unaomzuia kwenda. Baadaye mzigo wenyewe haukuwa lazima uwe wa mti. Shakespeare, katika tamthilia ya All's Well That Ends Well, anamfanya kijana Bertram, aliyeozwa kwa amri ya mfalme mwanamke asiyemtaka, amwite mkewe «clog» yake pale anapomwona akija. Hadhira ya wakati ule ilielewa mara moja kwamba kijana huyo anajifananisha na mnyama aliyefungiwa gogo mguuni. Haikuwa na sababu yoyote ya kufikiria viatu.

Kutoka kuzuia mwendo hadi kuziba njia ni hatua fupi. Kitu kizito kinachonata, kama tope katika gurudumu au mafuta yaliyoganda katika mashine, huzuia mwendo kama gogo linavyomzuia mnyama, na kufikia karne ya 17 kitenzi hicho kilikuwa kimeanza kutumika kwa kitu kilichojazwa uchafu mpaka kisipitishe tena. Sinki ya yule ndugu aliyeuliza imetokea huko, wala haikupitia kwenye kiatu hata kidogo.

Tawi la pili ndilo la kiatu. Mwishoni mwa karne ya 14 neno lilikwishatumika kwa kiatu chenye soli ya mti, na sababu iko wazi: mtu aliyevaa soli nene ya mti amekanyaga kipande cha gogo. Tahadhari moja inahitajika hapa. Kwa muda mrefu viatu vya aina hiyo huko Uingereza vilivaliwa juu ya viatu vingine vya ngozi ili kuvikinga na matope ya barabarani, na vilikuwa na ndugu yake aliyeitwa «patten», soli ya mti iliyofungwa kwa mikanda. Biashara yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1416 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwakataza mafundi wa «patten» kutumia mti wa aspeni, kwa kuwa mti huo mwepesi ulihitajika kwa ajili ya mishale ya jeshi. Huo ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya vita vya Agincourt, ambako wapiga upinde wa Kiingereza ndio walioamua ushindi, kwa hiyo si ajabu kwamba Bunge liliuthamini mshale kuliko mguu mkavu.

Hitimisho langu kwa sasa ni kwamba kiatu na bomba lililoziba ni watoto wa gogo moja, lakini hakuna aliyemzaa mwenzake. Karibuni tuchangie.

Mpitanjia

Mleta mada, ahsante kwa maelezo yaliyopangika. Nilifundishwa kwamba neno la hujuma la Kiingereza na Kifaransa, «sabotage», lilitokana na wafanyakazi wa viwanda kuvua viatu vyao vya mti na kuvitupa ndani ya mashine ili ziharibike. Ikiwa ndivyo, je, kiatu cha mti hakijawa kizibo cha mashine, na hivyo maana mbili za «clog» kukutana?

Kalamu ya Pwani (mleta mada)

Mpitanjia, hadithi hiyo ni tamu na ndiyo sababu imeenea, lakini chimbuko la neno ni jingine. «Sabot» kwa Kifaransa ni kiatu kilichochongwa kutoka kipande kimoja cha mti, tena ni kwato za mnyama. Kitenzi «saboter» kilimaanisha kutembea kwa kishindo cha viatu hivyo, kisha kikachukua maana ya kufanya kazi ovyoovyo, kwa uzito na bila ustadi, kama ambavyo mtu wa mjini alimwona mkulima aliyeingia sebuleni na viatu vya shambani. Dharau hiyo ya watu wa mjini ndiyo kiini cha neno.

Mwaka 1897, katika mkutano wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la CGT uliofanyika Toulouse, mwanaharakati Émile Pouget alitetea matumizi ya «sabotage» kama silaha ya mfanyakazi, na alichokusudia hasa ni mwajiri anayelipa vibaya kufanyiwa kazi vibaya. Mfano aliouegemea ulitoka kwa wafanyakazi wa Uskochi waliopunguza kasi ya kazi kwa makusudi. Maana ya kuharibu mitambo, reli na madaraja ilikua baadaye, na neno lilipoingia katika Kiingereza karibu mwaka 1910 picha ya kiatu ndani ya mashine ikaanza kuonekana kama maelezo ya wazi kabisa. Watu hupenda etimolojia yenye kitendo kimoja cha ujasiri. Kutembea kwa kishindo hakuna ushujaa wowote.

Hata hivyo «sabot» ina undugu mwingine unaotugusa moja kwa moja. Wanaisimu wengi huliona neno hilo kuwa ni mchanganyiko wa maneno mawili ya Kifaransa: «botte», yaani buti, na «savate», kiatu kikuukuu. Hilo la pili ni jamaa wa «zapato» la Kihispania, «ciabatta» la Kiitalia na «sapato» la Kireno. Sasa fungueni kamusi zetu za Kiswahili mtafute «sapatu», kiatu chepesi cha kuchomeka mguu. Neno hilo tulilipata kwa Wareno, pamoja na meza na leso. Kwa hiyo bibi wa Mombasa aliyevaa sapatu na mkulima wa Ufaransa aliyevaa «sabot» walivaa majina ya ukoo mmoja, na pengine hilo linastahili kukumbukwa kuliko kisa cha mashine.

Ughaibuni Rotterdam

Ninaishi Uholanzi, na ningependa kuongeza jambo linaloipa nguvu hoja ya gogo. Hapa kiatu hicho huitwa «klomp», na kwa wingi «klompen». Neno hilohilo lina maana ya bonge au donge, kiasi kwamba donge la dhahabu linaweza kuitwa «klomp» ya dhahabu bila mtu yeyote kudhani ni kiatu. Waholanzi na Waingereza, kila mmoja kwa neno lake, wamekwenda njia ileile ya kuchukua jina la bonge la mti na kulivalisha mguu.

Tofauti kubwa iko katika kitu chenyewe. «Klomp» ni mti mtupu kuanzia soli hadi juu ya vidole, uliochimbwa ndani kutoka kipande kimoja cha mpopla au mwilo («poplar» na «willow» kwa Kiingereza), miti laini inayomea vizuri katika ardhi yetu yenye maji. Cha kale zaidi kilichogunduliwa nchini kilifukuliwa Amsterdam mwaka 1979, katika eneo la Nieuwendijk, na kinakadiriwa kuwa cha karibu mwaka 1230, kwa maana hiyo kiatu ni kikongwe kuliko maandishi ya neno la Kiingereza tunalolijadili. Watalii hununua vilivyopakwa rangi ya manjano wakavitundike ukutani, lakini msidhani ni mapambo tu. Wapo wakulima wa maua na wafugaji wanaoendelea kuvivaa, na aina zake zimethibitishwa chini ya kanuni za usalama za Ulaya kuwa viatu vya kazi, kwa kuwa vinahimili msumari unaokanyagwa na kitu kizito kinachoangukia vidole.

Mholanzi akishangazwa sana na jambo husema kwamba sasa «klomp» yake imevunjika. Nilipousikia msemo huo kwa mara ya kwanza nilimtazama mwenzangu miguuni, na alikuwa amevaa raba.

Jirani wa Bolton

Nami niko kaskazini mwa Uingereza, Lancashire, ambako neno hili lilikuwa na nyumba yake halisi, na naona mleta mada amepita kwa haraka mno mahali palipo na utajiri. «Clog» ya Lancashire si kama ile ya Kiholanzi. Soli yake ndiyo ya mti, na sehemu ya juu ni ya ngozi iliyopigiliwa misumari kuzunguka ukingo wa soli. Mti uliopendwa zaidi ni ule uitwao alder, unaomea kandokando ya mito, kwa kuwa hauozi upesi kwa maji na haupasuki kirahisi. Chini ya soli na kisigino hupigiliwa vipande vyembamba vya chuma, mfano wa viatu vya farasi, ili mti usilike.

Mafundi walichonga soli kwa visu vikubwa vya mkono mrefu, ambavyo ncha yake yenye ndoano huingizwa katika pete iliyofungwa kwenye benchi, ili fundi aweze kukandamiza kwa mkono mmoja na kuongoza kipande cha mti kwa mkono mwingine. Kisu kimoja kilikuwa cha kutoa umbo, kingine cha kuchimba mbonyeo unaopokea wayo, na cha tatu cha kukata mfereji wa pembeni unaoshika ngozi. Huko Wales wapo waliopiga kambi katika vichaka vya mti huo, wakakata soli ghafi na kuzipanga katika marundo yenye umbo la mzinga ili upepo upite na kuzikausha, kisha wakaziuza kwa mafundi wa mijini waliozimalizia.

Viatu hivi viliwafaa watu wa viwanda vya pamba kwa sababu sakafu zilikuwa na maji na mafuta, na mti huuzuia ubaridi kupanda mguuni kuliko ngozi nyembamba. Pia vilikuwa rahisi kukarabati, kwani chuma kilichoisha kilibanduliwa na kingine kikapigiliwa. Alfajiri, wafanyakazi walipoelekea viwandani kwa pamoja, chuma kilichogonga mawe ya barabara kilisikika mtaa mzima. Kutokana na mlio huo ikazaliwa ngoma ya kuchezea viatu, ambayo wachezaji wake walishindana kwa wepesi wa miguu na usahihi wa midundo huku kiwiliwili kikitulia. Charlie Chaplin aliingia jukwaani akiwa mtoto mdogo katika kundi la wacheza ngoma hiyo lililoitwa Eight Lancashire Lads. Ngoma hiyo ilivuka bahari pamoja na wahamiaji, na huko Marekani ikakutana na midundo ya Wamarekani wenye asili ya Afrika, na makutano hayo ni miongoni mwa vyanzo vya ngoma ya kugonga viatu ijulikanayo duniani kote leo.

Lugha nayo ilifaidi. Kuna methali ya hapa isemayo kwamba ni kutoka «clogs» hadi «clogs» kwa vizazi vitatu, yaani babu anaanza maskini akatajirika, mwana anakalia mali, mjukuu anaitapanya na kurudia viatu vya babu. Mchezaji wa kandanda anayepiga miguu ya wenzake badala ya mpira huitwa «clogger». Mjuaji asiyevumilika huitwa «clever clogs». Na mtu aliyefariki husemwa kwa utani kwamba ameziweka «clogs» zake rehani, kwa kuwa hazihitaji tena. Hapa napatilia mkazo: watu wengi hudhani msemo huo wa mwisho ni wa enzi za viwanda, lakini unaanza kuonekana katika maandishi karibu mwaka 1970, wakati ambapo karibu hakuna aliyekuwa akivaa viatu hivyo kwenda kazini. Unanuka ucheshi wa watu waliokumbuka umaskini wa wazazi wao wakiwa wameketi mahali pazuri zaidi.

Mwana wa Lamu

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini na sasa naomba nafasi ya kuutetea mtalawanda, kwa maana naona unatajwa kama kisawe bila ya kuelezwa. Mtalawanda ni ubao uliochongwa kwa umbo la wayo, ukainuliwa kwa vigingi viwili vya ubao huohuo, mbele na nyuma, na mbele yake ukasimamishwa msuruaki, yaani kijiti chenye kichwa kinachobanwa kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Hauna ngozi, hauna mkanda, na mvaaji wake huushika kwa vidole. Ni kivazi cha chooni, cha uani na cha kwenda kutia udhu, mahali ambapo miguu inatakiwa iinuke juu ya maji.

Jamaa zake wa kweli hawako Lancashire. Msuruaki unafanana na kigingi cha «paduka» za India, ambazo katika masimulizi ya Ramayana Bharata aliziweka juu ya kiti cha enzi kwa niaba ya kaka yake Rama aliyekuwa uhamishoni. Upande wa Waarabu kuna «qabqab», cha ukanda wa ngozi juu ya wayo na soli ndefu, kilichovaliwa katika hamamu na huko Syria kikapambwa kwa lulumizi. Sayyida Salme wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anavitaja viatu vya mti vya aina hiyo miongoni mwa mavazi ya wanawake wa jumba la baba yake. Na kwa wanaodhani ni kiatu cha upole, wanahistoria wa Misri wanasimulia kwamba Shajar al-Durr, mwanamke aliyepata kuitawala nchi hiyo, aliuawa mwaka 1257 kwa kupigwa na wajakazi kwa viatu vya mti.

Kwa nini basi tuandike katika kitabu cha mtoto kwamba mkulima wa Kiholanzi amevaa mitalawanda? Mtoto wa Lamu atamwona mkulima huyo anatoka kuoga.

Mpitanjia

Mwana wa Lamu, hoja yako ina nguvu kwa msomaji wa Lamu, lakini mtoto wa Dodoma au wa Goma hajawahi kuuona mtalawanda, na kwake neno hilo ni geni sawasawa na «klomp». Je, si afadhali tulipanue neno letu, kama Waingereza walivyolipanua lao, kuliko kuliacha life na kitu chake?

Kalamu ya Pwani (mleta mada)

Naona tumefika penye kiini cha ubishi. Nakubaliana na Mpitanjia kwamba neno likitumika hupanuka, na mtalawanda wenyewe tayari una wigo: wataalamu wa misitu wa Tanzania hulitaja jina hilo, au mtarawanda, kwa miti ya jenasi ya Markhamia. Mti na kiatu vimegawana jina, jambo linalolingana vizuri na safari ya «clog». Hata neno gogo tumelipandisha cheo, kwa kuwa kigogo siku hizi ana ofisi na dereva.

Lakini upanuzi una mpaka wake, na mpaka huo ni picha anayoiona msomaji. Mtalawanda hushikwa kwa vidole, hali «klomp» humeza mguu mzima. Kwa hiyo katika tafsiri napendekeza tufuate kitu badala ya neno: kwa cha Kiholanzi au cha Kifaransa tuandike kiatu cha gogo, ambacho kinaeleza jinsi kilivyochongwa, kwa cha Lancashire tuandike kiatu cha soli ya mti, na mtalawanda tuuweke kwa viatu vya ubao vilivyo wazi juu, vikiwemo vya Kihindi na vya Kiarabu. Pale ambapo «clog» ni gogo la mnyama, pingu inatosha ikiwa matini inazungumzia mzigo, na gogo la mguuni linafaa zaidi ikiwa mwandishi anataka mnyama aonekane. Kwa sinki tunaye kitenzi kuziba, na hatujapungukiwa na lolote.

Ughaibuni Rotterdam

Pendekezo limekaa vizuri. Limebaki swali dogo: ukitafuta «clog» katika maduka ya mtandaoni leo, kinachokuja kwanza ni Crocs za rangirangi zenye matundu, ambazo hazina hata chembe ya mti. Tuziite nini?

Kalamu ya Pwani (mleta mada)

Hapo neno limeuacha mti na kubaki na umbo. Viatu vya kuchomeka vilivyo wazi nyuma ya mguu, vyenye soli nene ya mti, vilirudi kuwa mtindo wa mjini katika miaka ya 1970, wanunuzi wakazoea kuita «clog» kila kiatu kipana cha mbele kinachovaliwa bila kufunga kamba. Kampuni ya Crocs ilipoanzishwa Colorado mwaka 2002 na kutengeneza umbo hilo kwa povu jepesi, jina lilikuwa linaisubiri. Kwa Kiswahili sioni sababu ya kutafuta zaidi, kwani sokoni Kariakoo na Gikomba watu wanaziita kroksi, na muuzaji anaelewa.

Mwana wa Lamu

Nimeridhika na mgawanyo huo, mradi msuruaki nao uandikwe katika faharasa ya kitabu, pamoja na mchoro wake.